Donnelly, Velikovsky au Hörbiger: uanze na yupi?

Kuna vitabu vingi vinavyodai jambo moja: kwamba masimulizi ya kale kuhusu moto ulioshuka kutoka mbinguni, jua lililosimama na gharika iliyofunika nchi ni ushuhuda wa watu walioliona anga likivurugika kwa macho yao. Msomaji anayeviingia bila mwenyeji huchoka upesi, kwa sababu vingi vinarudia yaliyokwisha kusemwa na watu watatu. Wa kwanza ni Ignatius Donnelly, Mmarekani, aliyetoa Ragnarok mwaka 1883. Wa pili ni Hanns Hörbiger, mhandisi wa Austria, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1913. Wa tatu ni Immanuel Velikovsky, daktari mzaliwa wa Vitebsk, ambaye Worlds in Collision cha mwaka 1950 kilizua ugomvi ambao mwangwi wake bado unasikika.

Nimekaa na waandishi hawa muda mrefu, na ninawapenda kwa viwango tofauti sana. Niseme mapema kwamba dai kuu la kila mmoja wao limekataliwa na ushahidi. Hata hivyo makosa yao hayalingani. Mmoja anakosea huku akikufundisha kufikiri, mwingine anakosea huku akikuburudisha, na mwingine anakosea na kukuacha mikono mitupu. Ninapowatenganisha hutumia swali moja: je, mwandishi amesema kitu ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukipima, na kipimo kikikataa, nadharia yake ianguke?

Donnelly, hatibu wa Minnesota

Donnelly alikuwa mwanasiasa kabla hajajulikana kwa vitabu. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1831, akahamia Minnesota, akajaribu kuanzisha mji uitwao Nininger ambao ulikufa kwa msukosuko wa fedha wa 1857. Baadaye akawa naibu gavana wa jimbo hilo, kisha mjumbe wa Bunge la Marekani kuanzia 1863 hadi 1869. Siasa zilipomtupa mkono aligeukia maktaba yake. Mwaka 1882 alitoa kitabu kuhusu Atlantis kilichosomwa sana, na mwaka uliofuata kikaja Ragnarok.

Fumbo analoanza nalo ni la kweli. Kaskazini mwa Marekani na Ulaya kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, changarawe na majabali yaliyotapakaa mbali na miamba yalikotoka. Louis Agassiz wa Uswisi alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1840, kwamba vitu hivyo vilisukumwa na barafu kubwa iliyotambaa juu ya nchi. Donnelly hakukubali. Kwake yeye, changarawe ile ilimwagwa na nyotamkia iliyoipitia dunia, ikaunguza misitu na wanyama, kisha pakafuata giza na baridi kali. Mashahidi wake ni Phaethon wa Wagiriki, kijana aliyeshindwa kuliongoza gari la jua. Mbwa mwitu Fenrir wa masimulizi ya Skandinavia. Na hata Ayubu, ambaye mateso yake Donnelly anayasoma kama kumbukumbu ya janga hilo.

Anaandika kama mtu aliyesimama jukwaani mbele ya umati. Anauliza, anajibu, anakuacha upumue, anauliza tena. Unaweza kumsoma jioni nzima bila kuhisi saa zikipita, na hilo si jambo dogo katika kitabu kinachozungumzia kokoto.

Shida inaanza ukitoka nje ya kitabu. Chini ya tabaka lile, uso wa mwamba una mikwaruzo iliyonyooka, ya aina ileile inayoonekana leo barafu ya milima ya Alps inapoyeyuka na kurudi nyuma. Majabali mengi yanaweza kufuatiliwa hadi kwenye mwamba yalikong'olewa. Jiwe lililoanguka kutoka angani lisingekuwa na mwamba mama upande wa kaskazini. Kipimo hiki kilikuwepo enzi za Donnelly mwenyewe, tena kilikuwa mlangoni kwake, kwani Minnesota imejaa alama za barafu.

Kuna sura moja ambayo ningependa kila msomaji wake aitazame kwa makini. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 Chicago iliungua, na usiku huohuo mji wa Peshtigo, Wisconsin, uliteketea na kuua watu zaidi ya 1,000. Donnelly aliunganisha mioto hiyo na nyotamkia ya Biela, ambayo mwaka 1846 ilionekana ikigawanyika vipande viwili. Wazo linavutia, na linaweza kupimwa. Mabaki ya Biela kweli yalikutana na dunia mwezi Novemba 1872: vimondo vilinyesha kwa maelfu, vikaungua juu kabisa angani. Kilichochoma Chicago na Peshtigo ni ukame wa muda mrefu, upepo mkali na majengo ya mbao. Mvua ile ya vimondo ilitangulia kitabu chake kwa zaidi ya miaka kumi, na bado hakulegeza dai.

Velikovsky, aliyejiweka kwenye mizani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Velikovsky alizaliwa mwaka 1895, akasomea udaktari Moscow, akafanya kazi ya tiba Palestina na kujifunza Vienna, kwa Wilhelm Stekel, namna ya kutibu nafsi iliyoanzishwa na Freud. Mwaka 1939 alikwenda New York ili aandike kitabu kuhusu mashujaa wa Freud. Hakukimaliza kama alivyokusudia, kwa maana alikutana na maandishi ya Kimisri yaliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi: maombolezo ya mtu aitwaye Ipuwer, anayelalamika kwamba nchi imepinduka na mto umekuwa damu. Akajiuliza kama haya si mapigo ya Misri yakisimuliwa na Mmisri mwenyewe. Swali hilo moja ndilo lililozaa kazi yote ya maisha yake.

Jibu alilolijenga ni hili. Zuhura haikuwa sayari tangu mwanzo. Ilitoka katika Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ikazurura kama nyotamkia, na karibu mwaka 1450 KK, Waisraeli walipotoka Misri, ikapita jirani mno na dunia. Miaka 52 baadaye ilirudi, na siku hiyo jua likasimama juu ya Gibeoni kama kinavyosimulia kitabu cha Yoshua. Baadaye Zuhura iliisukuma Mirihi, nayo Mirihi ikaisumbua dunia katika karne ya 8 na ya 7 KK, hadi 687 KK, ndipo anga likatulia.

Ukilisikia hivyo kwa haraka utalitupa. Usifanye hivyo bado. Tazama anavyofikiri kuhusu Yoshua. Donnelly akikutana na simulizi inayofanana na yake huichukua na kuendelea. Velikovsky anajiuliza kinachopaswa kufuata: kama mchana ulirefuka Palestina, basi upande wa pili wa dunia usiku ulirefuka. Anakwenda kutafuta usiku huo katika kumbukumbu za Mexico ya kale. Si lazima ukubali alichokileta kutoka huko. Hatua yenyewe, ya kusema "kama hili ni kweli, basi kule lazima pawe na lile", ni hatua ya mtu mwenye akili kali.

Isitoshe, alitabiri. Alisema Zuhura itakutwa na joto kali, na baadaye akasema Mshtarii inatoa mawimbi ya redio. Mwaka 1955 wanasayansi Burke na Franklin waliyanasa mawimbi ya Mshtarii. Mwaka 1962 chombo Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura na kuthibitisha joto lake; leo tunajua uso wake una nyuzi zinazokaribia 460 za Selsiasi. Desemba mwaka huohuo mwanafizikia Valentine Bargmann na mwanafalaki Lloyd Motz waliandika barua katika jarida la Science wakitaka Velikovsky atambuliwe kwamba alisema mapema, ingawa wao wenyewe hawakuikubali nadharia yake. Wasomaji wengi walivutwa hapa, na ninawaelewa.

Lakini utabiri una mwili na una roho. Mwili ni "Zuhura ni moto". Roho ni sababu. Velikovsky alisema ni moto kwa sababu imezaliwa juzi na bado inapoa. Mwanafalaki Rupert Wildt alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1940, miaka kumi kabla ya Worlds in Collision, kwamba hewa ya kaboni dayoksaidi inayoifunika sayari hiyo ingenasa joto la jua na kuifanya iwe moto kuliko maji yanayochemka. Vyombo vilivyofuata vilimpa haki Wildt. Velikovsky alitarajia pia mawingu yenye mafuta, kwa kuwa mana ya jangwani aliieleza kama chakula kilichotokana na mkia wa nyotamkia hiyo. Mawingu ya Zuhura yamekutwa na asidi ya salfa.

Ukubwa nao unamkana. Mwaka uleule wa 1950 mwanafalaki Fred Whipple alieleza kwamba kiini cha nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi. Mwaka 1986 chombo Giotto kilipiga picha kiini cha nyotamkia ya Halley: urefu wake ni kama kilomita 15. Kipenyo cha Zuhura ni kilomita zipatazo 12,100, na ni mwamba. Hivi si vitu vya ukoo mmoja.

Hoja ninayoipenda zaidi, hata hivyo, haitoki kwenye vyombo vya anga. Inatoka kwenye udongo wa Babeli. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mna kibao cha udongo kilichotoka Ninawi, nakala ya kumbukumbu za enzi ya mfalme Ammisaduqa. Mistari yake inataja, kwa miaka 21, lini Zuhura ilionekana na lini ilipotea, asubuhi na jioni. Wataalamu wanabishania mwaka hasa wa mfalme huyo, na wengi humweka karne ya 17 KK, kabla ya tarehe ya Velikovsky. Nambari za kibao zina kasoro, na Velikovsky alizishika kasoro hizo kama ushahidi wa njia iliyovurugika. Ila mzunguko wa miaka 8 wa Zuhura, uleule tunaouona leo, umo humo. Nyota ya asubuhi na ya jioni ilikuwa tayari inafanya kazi yake.

Ongeza kumbukumbu za Waashuru, zinazotaja kupatwa kwa jua katika mwezi wa Simanu. Ukihesabu kurudi nyuma kwa mwendo wa sasa wa dunia na Mwezi, unafika tarehe 15 Juni 763 KK, mahali panapolingana na orodha zao za miaka. Kama Mirihi ingekuja baada ya hapo ikabadilisha urefu wa mwaka na kuyumbisha mhimili wa dunia, hesabu hiyo isingekaa. Na kama dunia ingesimama ghafla siku za Yoshua, mawe membamba yanayoning'inia mapangoni, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko huo, yasingekuwepo.

Kumbuka kinachotokea hapa: tunaweza kumkanusha. Alitaja miaka, sayari na matokeo. Ndiyo maana namweka juu ya wenzake.

Kasoro yake ninayoiona nzito zaidi ni ya tabia ya nadharia, wala si ya fizikia. Akiulizwa kwa nini mataifa hayakukumbuka wazi jambo kubwa namna hiyo, anajibu kama tabibu wa nafsi: wanadamu waliumia mno, wakaufukia uchungu, wakasahau. Ukikubali jibu hilo, simulizi ikiwepo ni ushahidi na isipokuwepo ni ushahidi pia. Mlango wa kumpima, ambao mwenyewe aliufungua, unafungwa.

Halafu kuna namna alivyotendewa, nalo linaniuma. Mwanafalaki Harlow Shapley wa Harvard na wenzake waliishinikiza kampuni ya uchapishaji ya Macmillan, ambayo ilipata sehemu kubwa ya riziki yake kwa vitabu vya kiada. Kitabu kikiwa kinaongoza kwa mauzo, Macmillan wakakihamishia kampuni nyingine, Doubleday. Mhariri James Putnam alipoteza kazi. Gordon Atwater wa Hayden Planetarium, jumba la maonyesho ya nyota huko New York, aliyetaka kitabu kisikilizwe kwa haki, alipoteza yake pia. Baadhi ya waliopiga kelele hawakuwa hata wamekisoma. Mwanafalaki Carl Sagan, aliyempinga Velikovsky hadharani San Francisco mwaka 1974, alisema baadaye kwamba jaribio la kumnyamazisha lilikuwa baya kuliko makosa ya kitabu. Nakubaliana naye. Lakini unapomsoma, usiruhusu dhuluma aliyofanyiwa ihesabiwe kama hoja. Mtu anaweza kudhulumiwa na bado akawa amekosea kuhusu Zuhura.

Hörbiger, barafu kila mahali

Huyu nitampitia kwa haraka. Alikuwa mhandisi hodari. Vali ya bamba la chuma aliyoibuni mwaka 1895 ilileta mabadiliko ya kweli katika mashine za kushindilia hewa. Mwaka 1913, pamoja na mwalimu Philipp Fauth aliyekuwa akichora ramani za Mwezi, alitoa Glazial-Kosmogonie, kitabu cha kurasa zaidi ya 700. Humo ulimwengu ni barafu: Mwezi umefunikwa na barafu, na ile njia nyeupe ya nyota usiku ni mabonge ya barafu. Dunia imewahi kuwa na miezi mingine, kila mmoja ukazunguka ukikaribia, ukavunjika, ukaanguka na kuleta gharika. Huu tulio nao utafuata.

Kupimwa kwake hakuchukui muda. Mchana wa Mwezini joto hupita nyuzi 100, barafu iliyo wazi kwa jua haiwezi kudumu. Tangu mwaka 1969, vioo vilivyoachwa huko na Apollo 11 vimewezesha kupima umbali wake kwa mwali wa leza, na Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Unakwenda kinyume kabisa na alivyosema.

Kinachonifanya nisimpendekeze ni jinsi alivyopokea hesabu zilizomkataa. Velikovsky alijibishana na wapinzani, akaandikiana barua na kuzungumza na Einstein kwa muda mrefu. Hörbiger alidai imani, na wafuasi wake walidai utii. Baada ya kifo chake mwaka 1931 nadharia ilipata mlezi katika Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, aliyeiingiza kwenye taasisi yake ya Ahnenerbe kama elimu ya anga iliyofaa Wajerumani. Anayetaka kuelewa jinsi dola ovu linavyochagua sayansi ya kulipamba ana sababu nzuri ya kumsoma. Anayetaka kuelewa anga au masimulizi ya kale hana.

Je, si kila mgunduzi alichekwa?

Hoja hii itakujia, kwa hiyo uwe na mtu wa nne wa kuwalinganisha nao. J Harlen Bretz, mwanajiolojia wa Marekani, aliandika kuanzia 1923 kwamba mabonde makavu ya mashariki mwa jimbo la Washington yalichongwa na furiko moja kubwa ajabu. Wakubwa wa fani walimbana hadharani mwaka 1927, kwa sababu janga la ghafla namna hiyo lilinuka kama gharika ya Nuhu. Naye hakuwa na jibu la maji yalikotoka.

Bretz hakutafuta msaada kwenye masimulizi. Alirudi nyikani, mwaka baada ya mwaka, akapima makorongo, maporomoko yaliyokauka na vilima vya kokoto. Mwenzake Joseph Pardee alionyesha chanzo: ziwa la kale la Missoula, lililozuiwa na ukuta wa barafu uliobomoka. Leo tunajua mafuriko yalikuwa mengi, na mwaka 1979 Bretz alipewa nishani ya Penrose, tuzo kubwa ya wanajiolojia wa Marekani, akiwa amepita umri wa miaka 95. Ni mwaka uleule Velikovsky alipofariki Princeton. Mwaka mmoja baadaye wanasayansi kina Alvarez walitangaza tabaka lenye iridi, metali iliyo adimu kwenye uso wa dunia, lililoonyesha kwamba kitu kikubwa kutoka angani kiligonga dunia miaka milioni 66 iliyopita. Sayansi haikukataa majanga ya angani. Ilidai yaache alama kwenye mwamba.

Basi uchukue kipi?

Ukitaka kusimuliwa, chukua Donnelly. Ragnarok hakina tena haki miliki, kinapatikana bure, na huhitaji kujua chochote kabla. Kisome kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya ukusanyaji wa masimulizi, kisha usome maelezo mafupi yoyote ya enzi ya barafu ili usibaki na changarawe yake kichwani.

Ukitaka kubishana na kitabu, chukua Velikovsky, na huyu ndiye ninayempendekeza kwa wengi. Anza na Worlds in Collision. Ages in Chaos cha 1952, anachotumia kuisogeza historia ya Misri kwa zaidi ya karne tano hadi malkia Hatshepsut anakuwa malkia wa Sheba, kiache hadi uwe unazifahamu nasaba za mafarao, la sivyo atakuvusha bila wewe kujua umevuka nini.

Fungua Yoshua sura ya 10 kando yake. Chagua tanbihi moja tu na uifuate hadi kwenye matini yenyewe. Mimi ningekushauri Ipuwer. Velikovsky ananukuu mstari usemao kwamba nchi inazunguka kama gurudumu la mfinyanzi, na katika kitabu chake unasikika kama dunia ikipinduliwa kwenye mhimili. Tafuta tafsiri kamili ya maombolezo hayo, soma mstari huo hadi mwisho wake. Sehemu inayofuata papo hapo inazungumzia mwizi aliyegeuka kuwa mwenye mali.